Askari wa Kirumi hawakushona sare

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya kikundi chetu cha michezo ya vita ya mezani hapa Newcastle. Waliobanwa na zamu za kazi wameniomba niwaandikie yote, nami nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kaka na dada zangu, habari za jioni. Na nyinyi vijana wa meza ya nyuma, ambao nasikia kete zikilia mifukoni mwenu, nivumilieni kidogo.

Nataka nianze na harusi. Nani humu ndani hajawahi kushona sare ya harusi? Inueni mikono. Mnaona? Hakuna hata mmoja. Kamati inachagua kitambaa, inatangaza rangi, kila mtu anachangia. Siku yenyewe ikifika, unaingia ukumbini, unaona nini? Kitambaa kimoja, mishono ishirini. Shangazi kaongeza kola. Binamu kakata mikono. Mjomba aliyechelewa kulipa kaenda kununua duka jingine, na rangi yake imekaribia lakini siyo yenyewe. Hata hivyo, ukisimama mlangoni, huhitaji kuuliza nani ni wa upande wa bwana harusi. Unawajua.

Shikeni picha hiyo, maana ndiyo niliyokuja nayo leo.

Miaka minne sasa natafuta jibu la swali moja: askari wa Kirumi alivaa nini? Nimelitafuta kwenye vitabu, nimelitafuta kwenye makumbusho, nimelitafuta kwenye mawe ya makaburi huku mvua ya Northumberland ikinipiga kisogoni. Jibu nililolipata ni lile la harusi. Kitambaa kimoja, mishono ishirini. Na sisi tunaopaka rangi hawa vijiaskari wa milimita 28, wasiofika hata urefu wa kidole gumba, tumezoea kuwapanga kama watoto wa shule kwenye mstari wa asubuhi: kanzu moja, deraya moja, nyekundu moja kutoka kopo moja. Ndugu zangu, nimekuja kuwaomba tuache.

Jeshi langu la kwanza lilikuwa na askari 40. Niliwapaka miezi mitano, usiku, baada ya kazi. Kanzu zote nyekundu. Kifuani wote niliwavika deraya ya mabamba, yale mapande ya chuma yanayopandana kama mkia wa kambakochi. Nikawaita askari wa Julius Caesar. Nilipowaleta mezani, mzee mmoja aliyecheza mchezo huu miaka mingi akamwinua mmoja, akamgeuza mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole: "Huyu ni wa mwaka gani?"

Wa mwaka gani? Sikuwa nimejiuliza. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na usiku uleule nikalijua kosa langu. Caesar aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo. Vipande vya kale kabisa vya deraya ya mabamba vilivyowahi kufukuliwa ni vya miaka ya mwisho mwisho kabla ya Kristo, kizazi kizima baada yake. Askari wa Caesar walivaa deraya ya pete, maelfu ya pete ndogo za chuma zilizosukwa pamoja. Nilikuwa nimewavika mababu nguo za wajukuu.

Na ukirudi nyuma zaidi, mambo yanabadilika tena. Polybius, Mgiriki aliyeandika karne ya 2 kabla ya Kristo, alilieleza jeshi la zama zake kwa makini kama fundi cherehani anayechukua vipimo. Anasema vijana wa mbele kabisa, wale warushaji wa mikuki myepesi, walifunika chapeo zao kwa ngozi ya mbwa mwitu, ili makamanda waone nani anapigana vizuri na nani anajificha. Anasema askari wazito walisimamisha manyoya matatu juu ya chapeo, ya zambarau au meusi, urefu wake karibu mkono mmoja, ili mtu aonekane mrefu maradufu. Na deraya je? Walio wengi walivaa kipande cha shaba cha shubiri moja kifuani. Shubiri moja tu! Pimeni kwa kiganja chenu hapo mlipokaa. Deraya ya pete ilikuwa ya waliohesabiwa kuwa na mali ya zaidi ya drakma 10,000. Katika mstari mmoja, jeshi moja, vita vimoja, ungemtambua tajiri na maskini kwa kifua chake.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaambia ni hili: kabla hujanunua rangi, taja mwaka na taja mto. Mimi nilichagua. Mwaka wangu ni 105, mto wangu ni Danube, na vita vyangu ni vile vya pili vya Kaisari Trajan dhidi ya Wadacia, katika nchi tunayoiita leo Romania. Baada ya hapo kila kitu nilichotaka kumvika askari nilikiuliza: wewe ulikuwepo Danube mwaka 105? Nani anakushuhudia?

Nataka kusimama kidogo kwenye neno "shahidi", kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopotea.

Vita vya Trajan na Wadacia vina mashahidi wawili wa jiwe. Wa kwanza mnamjua nyote: Nguzo ya Trajan, iliyosimama katikati ya Roma tangu mwaka 113. Ina kimo cha karibu mita 30, na imezungushwa mkanda wa michongo ya watu zaidi ya 2,500, kutoka chini hadi juu, wanavuka mto, wanajenga ngome, wanachinja ng'ombe wa sadaka, wanapigana. Vijiaskari vingi vinavyouzwa madukani vimetokana na nguzo hiyo. Na ukiitazama, jeshi ni safi ajabu. Askari wa legioni, raia wa Roma, wamevaa mabamba. Askari wasaidizi, wasio raia, wamevaa deraya ya pete na kushika ngao za umbo la yai. Wawili hawa hawachanganyiki.

Sasa jiulizeni. Mtu wa Roma aliyesimama chini ya nguzo ile, shingo kaikunja, jua la mchana machoni, angewatofautishaje askari walio mita 20 juu ya kichwa chake? Mchongaji alimsaidia. Aliwapa jezi! Timu hii mabamba, timu ile pete. Ngao nazo alizipunguza ili miili ionekane. Deraya za pete alizichonga nyepesi, zimeshika mwili kama fulana iliyolowa maji. Mchongaji yule alikuwa fundi mkubwa, na fundi mkubwa hupanga mambo yapendeze.

Shahidi wa pili anakaa kijijini. Anaitwa Adamclisi, huko huko Romania, si mbali na Danube. Trajan alijenga pale mnara wa ushindi mwaka 109, akauzungushia mawe 54 ya michongo. Mkono wa mchongaji wa Adamclisi ni mzito. Watu wake ni wafupi, nyuso hazina uzuri, mikunjo ya nguo ni mistari tu kama mifereji ya shamba. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilizipita haraka. Nasikitika kusema hivyo, kwa sababu leo nayapenda mawe yale kuliko nguzo yote ya Roma.

Tazameni alichokichonga. Askari wa legioni, lakini mabamba hayapo. Huyu ana deraya ya pete. Yule ana deraya ya magamba, kama samaki. Mkono wa kulia, mkono wa upanga, umefunikwa kinga yenye pingili. Miguuni wana kinga za muundi, kitu ambacho kwenye nguzo ya Roma askari wa kawaida hana. Kwa nini? Geukeni mwangalie adui anayepigana naye. Mdacia ameshika kwa mikono miwili silaha ndefu iliyopinda kama mundu. Mundu ule ukishuka unafuata mkono uliotoka nje ya ngao, au mguu uliotangulia, au utosi. Na kweli, huko Berzovia, Romania, ilifukuliwa chapeo ya Kirumi yenye vyuma viwili vilivyopishana juu ya utosi. Mtu alimwona mwenzake akipasuliwa kichwa, akaenda kwa mhunzi. Ndivyo nguo ya vita inavyobadilika. Inabadilishwa na hofu ya mtu aliyerudi hai.

Mashahidi wawili, vita vimoja. Kwenye baraza la wazee kwetu, shahidi huulizwa kwanza: ulikuwepo? Mawe ya Adamclisi yalichongwa karibu na mto, karibu na makaburi, karibu na watu walioyaona yale mambo. Nguzo ilichongwa mjini. Sisemi nguzo inadanganya. Nasema nguzo ilishona sare.

Basi katika kohorti yangu, yaani kikosi cha watu 480, nina vijiaskari 24, kila mmoja anasimama mahali pa watu 20; nimeweka 10 wenye pete, 6 wenye magamba na 8 wenye mabamba. Kinga ya mkono wanayo 9, na wengi wao nimewapanga mstari wa mbele. Zile kinga nimezitengeneza kwa vipande vya karatasi ya bati, kimoja kimoja, kwa kibanio. Kazi ya kutoa machozi, lakini ukimtazama yule wa pembeni kulia, mkono umenyooka na pingili zote zinaonekana, unasahau yote.

Jiwe ni jiwe. Niwapeleke sasa kwenye udongo.

Wengi wenu mmefika Corbridge, hapo magharibi, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Mwaka 1964 wachimbuaji walikuta pale sanduku la mbao lililofunikwa ngozi, lilifukiwa zama za Kaisari Hadrian. Ndani mlikuwa na zana, silaha, vibao vya nta vya kuandikia, na vipande vya deraya ya mabamba vimebanana na kutu. Kabla ya siku ile, wataalamu walikuwa wakibishana jinsi mabamba yale yalivyoshikana. Walikuwepo waliodhani yameshonewa juu ya koti la ngozi. Sanduku la Corbridge lilimaliza ubishi: mabamba yaliunganishwa kwa ndani kwa mikanda ya ngozi, na kila bamba liliweza kuteleza juu ya mwenzake. H. Russell Robinson, mtaalamu wa silaha wa Tower of London, alitengeneza nakala, akaivalisha watu, ikafanya kazi. Mabega yaliinuka, kiuno kilipinda.

Nilikwenda na binti yangu wa miaka tisa. Mimi nilikuwa natafuta vipimo. Yeye akaweka pua kwenye kioo akasema, "Baba, chuma hiki kina kiraka." Nikainama. Kweli. Mahali palipokuwa na bawaba ndogo ya shaba, bawaba imekatika, na mtu amepitisha ribiti moja kwa moja kwenye mabamba mawili, kazi ya haraka, ya mtu mwenye foleni ya wateja. Deraya ile haikutoka kiwandani ikaenda vitani ikarudi makumbusho. Ilivunjika. Ikatengenezwa. Ikavaliwa tena.

Ikavaliwa na nani? Sikilizeni hili. London, katika British Museum, kuna chapeo ya shaba ya karne ya 1, ile ya umbo la bakuli yenye ukingo nyuma wa kukinga shingo. Ukiangalia ule ukingo wa nyuma utaona vitone vidogo vilivyogongwa kwa msumari, na vile vitone ni herufi, na zile herufi ni majina. Siyo jina moja. Majina ya wanaume wanne. Wanne! Mmoja alimaliza utumishi, au alikufa, au aliuza, mwingine akaichukua akagonga jina lake. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Sisi watoto wa Manzese, watoto wa Gikomba, tunahitaji kuelezwa hilo? Chapeo ile ni mtumba. Ni mtumba wa chuma, na kila mwenye nayo aliipenda kiasi cha kuiandika jina.

Na hapa kwetu, kwenye mdomo wa mto Tyne, mwaka 1867 kiliopolewa kitovu cha ngao, ile bakuli ya shaba ya katikati inayokinga kiganja. Kimechorwa tai, na fahali, na Mars mungu wa vita. Na pembeni kimeandikwa mwenyewe: Junius Dubitatus, wa legioni ya VIII Augusta, wa senturia, yaani kikosi kidogo, ya Julius Magnus. Mto huu huu tunaouvuka kila siku kwenda kazini. Nikipita juu ya daraja asubuhi namtaja jina.

Wengi wetu, kabla hatujajua kitabu cha historia, tulikutana na ngao hii kanisani. Waraka kwa Waefeso, sura ya 6: dirii, ngao, chapeo, upanga. Maneno yenyewe ya Kiswahili tunayotumia humu ukumbini yametoka huko, hata "akida" wa askari mia tumempata katika Injili. Sasa, ngao ya sura ile kwa Kigiriki ni thureos, neno lililotokana na neno la mlango. Mlango, ndugu zangu! Usifikirie kigao cha mviringo cha kushika kwa mkono mmoja na kucheza nacho. Ngao kamili ya namna hiyo, ile iliyopinda kama bati la nusu pipa, imepatikana moja tu, Dura-Europos nchini Syria, imevunjika vipande 13. Ina urefu wa sentimita 105 na nusu, imeundwa kwa tabaka za mbao nyembamba zilizogundishwa, kwa lugha ya mafundi wetu ni plaiwudi. Imepakwa nyekundu, ina tai na simba. Ni nzuri hadi moyo unauma. Lakini ni ya karne ya 3, nami mwaka wangu ni 105. Nimetamani simba yule, nimemwacha.

Nilichofanya ni kingine. Caesar anasimulia kwamba mwaka 57 kabla ya Kristo, kando ya mto Sabis, adui waliwavamia askari wake kwa kasi mno hata hawakuwahi kuvua vifuniko vya ngao. Vifuniko hivyo vya ngozi vimefukuliwa hapa Uingereza pia, vimeshonwa vizuri, na tundu la kitovu katikati. Ngao ina foronya yake! Maana gundi na mvua havipatani. Kwa hiyo kundi langu la askari walio safarini, wenye mizigo mabegani, wana ngao za kahawia, ngozi tupu. Watu huniuliza kama sijamaliza kuzipaka.

Nije kwenye nguo. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipompata mtu.

Huko Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, jangwa limehifadhi kipande cha papiro kilichoachwa na jeshi la Kirumi. Ni hati ya mshahara. Mwenyewe anaitwa Gaius Messius, mwenyeji wa Beirut. Zama za Kaisari Vespasian. Anasema: nimepokea dinari 50. Halafu yanakuja makato. Shayiri, dinari 16. Chakula, dinari 20. Viatu, dinari 5. Mikanda ya ngozi, dinari 2. Kanzu ya kitani, dinari 7. Jumlisheni. 16 na 20 ni 36. Na 5 ni 41. Na 2 ni 43. Na 7 ni 50.

Amebaki na nini? Hajabaki na kitu.

Ni nani humu hajawahi kuishika karatasi ile? Nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chini nikanyamaza. Miaka elfu moja na mia tisa na zaidi, na nikamjua. Na baada ya kumjua nikaelewa jambo la kiufundi kabisa: kanzu yake ilikatwa kwenye mshahara. Mtu ambaye kanzu moja inamla dinari 7 katika 50 hanunui mpya kwa sababu ya ya zamani kupauka. Anaifua. Anaitia kiraka. Anaivaa mpaka shingo inalegea. Katika askari 24 waliosimama bega kwa bega, kutakuwa na kanzu ya mwezi huu, kanzu ya mwaka jana na kanzu ya marehemu rafiki yake.

Rangi gani? Najua mnataka nijibu. Kutoka Misri, mwaka 138, tunayo hati ya wafumaji wa Philadelphia katika Fayum. Serikali imewaagiza nguo za askari walioko Kapadokia. Wanaorodhesha kanzu moja nyeupe yenye mshipi, urefu mikono mitatu na nusu. Majoho ya Kisiria, meupe. Na blanketi jeupe kwa ajili ya hospitali ya kambi. Nguo zifumwe kwa sufu laini, nyeupe, safi, bila doa. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Na katika zile picha za sura za watu zilizowekwa juu ya maiti za Wamisri, wamo wanaume waliovaa mkanda wa upanga begani, kanzu nyeupe, joho la buluu.

Nyekundu ilikuwepo, mizizi ya kutilia rangi hiyo ilijulikana kote, na sisemi mtu asipake nyekundu. Nasema ile nyekundu moja ya kopo moja haina shahidi. Masada ni kabla ya vita vyangu, Philadelphia ni baada, mashahidi wawili pande zote mbili za mwaka 105, nami nimesimama katikati yao. Kanzu zangu nyingi ni nyeupe, lakini nyeupe ya sufu, siyo nyeupe ya karatasi. Kwa anayetaka kujaribu: juu ya andakoti weka kahawia nyepesi ya udongo, kisha rangi ya samli, kisha juu ya mikunjo peke yake gusa rangi ya unga wa muhogo. Usiguse nyeupe tupu ila kwenye bega moja au mawili ya walionunua mwezi huu. Watano nimewapa nyekundu iliyopauka, kila mmoja nimemchanganyia upya kwenye kisahani ili wasifanane.

Na miguuni? Tuna bahati ya kuishi tunapoishi. Vindolanda, ngome ya Kirumi huku kwetu kaskazini, tangu mwaka 1973, udongo wenye unyevu umetoa vibao vya barua vilivyoandikwa na kupokewa na askari wenyewe, miaka ileile ya Trajan. Katika barua moja mtu anamjulisha mwenzake kwamba amemtumia soksi, na makubadhi jozi mbili, na nguo za ndani mbili. Kifurushi kutoka nyumbani! Sasa nani ataniambia askari wangu wasivae soksi Danube wakati wa baridi? Wanane wanazo. Ni nukta ndogo ya rangi kati ya kamba za kiatu, utaiona ukiinama.

Kabla sijashuka, kuna askari ambao siwezi kuwaacha. Rudini kwenye Nguzo ya Trajan, maana hapa shahidi huyu namwamini kabisa. Kuna kikosi cha wapanda farasi kinawafukuza Wadacia kuingia msituni. Hawana matandiko. Hawana deraya. Wamevaa kanzu fupi, wana ngao ndogo, na nywele zao zimesokotwa, misokoto mirefu inayoning'inia kichwa kizima. Hao ni Wamauri, watu wa Afrika ya kaskazini, Moroko na Algeria za leo, na kiongozi wao aliitwa Lusius Quietus, chifu wa Kimauri aliyepanda mpaka akawa konsuli, cheo kikubwa cha serikali ya Roma, kisha akauawa mwaka 118 Hadrian alipoingia madarakani. Waafrika, kwenye nguzo ya ushindi, katikati ya Roma, wako mbio, wanashinda.

Na wengine walifika mpaka huku. Huko Burgh by Sands, karibu na mwisho wa magharibi wa ukuta wa Hadrian, ule wa mpaka wa Waroma, katika karne ya 3 kilikaa kikosi cha Wamauri wa Aurelian. Jiwe lao lilipatikana mwaka 1934 kijiji cha jirani, Beaumont. Nimesimama pale na upepo ule mnaoujua. Nilijifunga skafu mara mbili na kuwafikiria.

Wamauri wangu ni 12. Nimewapaka rangi za ngozi kadhaa, kutoka maji ya kunde hadi nyeusi, kwa sababu Afrika ya kaskazini haikuwa na rangi moja, wala leo haina. Misokoto nimeifinyanga kwa udongo wa kijani wa kuchanganya, msokoto mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, huku mke wangu akiniongoza, maana yeye ndiye anayesuka nyumbani na aliona mara moja kwamba nilikuwa nimeanzia mahali pasipostahili. Tukaanza upya kutoka utosini.

Mwenyekiti, naona unanionyesha saa. Jeshi limepangwa kwenye meza ya kushoto, karibu na dirisha, Wamauri pembeni kulia. Karibuni mwatazame, mwashike, watoto pia. Ila mshike kwenye kitako, tafadhali: ngao za mstari wa nyuma nimezimaliza leo saa kumi na moja alfajiri, na rangi bado mbichi.